Zigbee, Thread au waifai ya meshi kwa nyumba ya ghorofa? Naomba ulinganisho

KijanaWaGoba
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu iko Goba, Dar, chini na juu, tofali za inchi 6, katikati zege. Nina taa 14, vihisi vya milango sita (kimoja kiko getini, mita kama 18 kutoka barazani), kihisi cha maji kwenye tangi na swichi ya pampu. Karibu vyote vinategemea waifai ya ruta niliyofungiwa na watu wa intaneti. Umeme ukikatika ukarudi, vifaa vinne au vitano havirudi mpaka nivizime na kuviwasha kimoja kimoja. Nasafiri sana, na mama yuko nyumbani peke yake. Nataka kitu ambacho hatalazimika kunipigia simu. Mliokwisha kuishi navyo, niambieni.

FundiMbezi
Zigbee, mkuu, yaani mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani. Kwa vihisi vya betri na swichi sioni cha kuishindania kwa bei. Ila uelewe inavyofanya kazi: kifaa kinachokula umeme wa ukutani ndicho kinachopokea ujumbe na kuusogeza mbele. Cha betri hulala, hakimbebei mwenzake chochote. Nyumba yenye vihisi kumi na plagi janja moja haina meshi hapo, yaani vifaa vinavyopokezana ujumbe.

Na mtego mkubwa kwetu ni swichi ya ukutani. Ukinunua taa janja 14, dada akizima swichi kama alivyozoea, umepoteza vituo 14 vya kupitisha ujumbe. Acha taa za kawaida, weka moduli nyuma ya swichi. Fungua kwanza kisanduku uone kama kuna waya wa nyutro. Nyumba nyingi ninazoingia zina laini na waya wa kurudi taani tu, na moduli nyingi zisizohitaji nyutro hazisambazi mtandao.

Nyali_Bi_Sauda
Mimi niko kwenye Thread tangu mwaka jana, Mombasa. Inatumia redio ileile ya Zigbee, 2.4 GHz, lakini kila kifaa kina anwani yake ya IPv6, na ukiwa na ruta za mpakani mbili (zinazounganisha Thread na mtandao wa nyumbani), moja ikizimika nyingine inashika. Hilo Zigbee haina: kiratibu chake, kile kifaa kimoja kinachoongoza mtandao, kikifa, umekwama. Matter, lugha ya pamoja ya vifaa janja, ilipotoka Oktoba 2022 nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ruta zangu za kampuni mbili tofauti zilijenga kila moja mtandao wake, hazizungumzi. Thread 1.4 ya 2024 imeweka utaratibu mmoja wa kugawana funguo za mtandao, kwa hiyo kabla hujalipa uliza toleo. Na swichi za Thread za kisanduku chetu cha mraba nimezitafuta sana, ni chache.

Mswahili_Muscat
Ndugu zangu, Z-Wave msiisahau, nayo ni redio nyingine ya vifaa vya nyumbani. Iko chini ya GHz 1, haigombani na waifai, na ukuta inaupita vizuri zaidi. Lakini nunua sehemu moja. Kaka yangu aliniletea swichi mbili kutoka Marekani, zile ni 908.42 MHz, na habu yangu (kifaa kikuu cha mtandao) ni ya Ulaya, 868.42. Hazikuonana hata siku moja. Bei nayo iko juu.

KamaNairobi
Waifai ya meshi ni nzuri kwa kamera na TV, na vituo viunganishwe kwa kebo, maana vikirushiana hewani kupita zege kasi inashuka sana. Hivi vidogo vitoe humo. Waifai ya 2.4 ifunge chaneli 1, Zigbee ipeleke 20 au 25. Kiratibu cha Zigbee kikiwa kidude cha USB, usikichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta: tundu la USB 3 linatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Tumia waya wa kurefusha, hata wa mita moja.

KijanaWaGoba
Asanteni sana. FundiMbezi, na LUKU ikiisha saa nane usiku?

FundiMbezi
Kiratibu, ruta na plagi tatu za kusambazia ziweke kwenye laini ya inveta. Usianze na kihisi. Panga plagi kwanza, moja karibu na kiratibu, moja kwenye ngazi, moja barazani kuelekea getini, ndipo usajili vihisi, kila kimoja kikiwa mahali pake pa kudumu. Kwangu plagi ya nyuma ya friji nimeifunika swichi yake kwa utepe mwekundu, nikakaa na wote wa nyumbani nikawaeleza kwa nini.

KijanaWaGoba
Narudi baada ya wiki tano. Nimechukua Zigbee, chaneli 25, moduli nane zenye nyutro (fundi alivuta waya upya vyumba vya juu, kazi ya siku mbili). Kihisi cha geti kilikuwa kinasoma LQI (kipimo cha ubora wa mawasiliano) 28 na kupotea kila siku. Tangu plagi ya barazani iwekwe kinasoma 105, hakijapotea. Umeme umekatika mara sita, mama hajapiga simu hata mara moja kuhusu taa. Kilichobaki ni tangi: liko juu ya paa la bati, na kihisi chake kinashika asubuhi, mchana kinapotea. Kuna aliyefunga plagi ya nje, isiyoingia maji, juu kule?