Tupeane uzoefu: silanga la kuzuia mafuriko mtaani

Ndugu zangu, tangu mafuriko ya Aprili 2024 nasikia mitaa kadhaa ya Nairobi ikipanga kujijengea silanga, yaani bwawa dogo lenye tuta la udongo, ili kupunguza kasi ya maji. Aliyewahi kuishi karibu na tuta la namna hiyo na atueleze lilivyofanya kazi, si lilivyochorwa.

Naanza mimi, wa upande wa Lang'ata. Fundi alitukataza udongo mweusi, kwa kuwa huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo tukaleta mwekundu, tukaushindilia tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi shibiri moja. Chini tulipitisha bomba lisilo na koki, ili maji ya mvua yakusanyike kwa saa chache kisha yaondoke polepole. Kiangazi kilipofika, jirani mwenye sukuma wiki aliliziba bomba hilo kwa gunia la mchanga. Sikumlaumu sana, maana maji ya mfereji yalikuwa yamekatika wiki nzima. Lakini mvua ya kwanza ililikuta bwawa limejaa, na bwawa lililojaa halina pa kupokea mafuriko. Maji yalipita juu ya tuta, na kufikia alfajiri yalikuwa yamechimba pengo la kupitisha mkokoteni.

Wa Ruai: Pole, mwenzetu. Letu halikufurika, lilivuja kando ya bomba, mahali ambapo vibarua hawakushindilia vizuri kwa kuogopa kulivunja. Mzee mmoja alikuwa akikinga maji hayo kwa glasi kila asubuhi, nasi tukimcheka. Siku glasi ilipotoka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, alituambia tuta limeanza kujila kwa ndani, na tukalifungua wenyewe kabla halijapasuka.

Wa Kibera: Msisahau tope, ambalo hulijaza bwawa polepole hadi maji yakose nafasi. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953, na wazee husimulia mashua za tanga zilizoelea hapo. Mimi nililikuta limefunikwa na gugu maji, na nilipowaambia wanangu kwamba hilo ni bwawa, waliniuliza maji yako wapi.

Wa Lang'ata tena: Ahsanteni. Niongeze kwamba tulipojenga upya tulichimba pembeni njia pana ya maji ya ziada, iliyo chini ya kilele cha tuta na kupandwa nyasi. Wapo waliolalamikia gharama, lakini baada ya msiba wa Solai, kaunti ya Nakuru, wa Mei 2018, ambapo bwawa la shambani lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, sikuona haja ya kubishana nao. Jirani tulimnunulia tangi. Mdomo wa bomba sasa una wavu wa chuma, ambao huziba kwa mifuko na chupa kila mvua inaponyesha, na bado hatujakubaliana nani atatoka usiku kuusafisha.