Makasi ya bustani yenye "waranti ya maisha", hiyo waranti inafanya kazi hapa Nairobi kweli?

Kijana wa Fensi, Ruaka

Habari zenu wakubwa. Mimi kazi yangu ni bustani za watu, Runda, Kitisuru, saa zingine Loresho, nakata fensi, napogoa mawaridi, hivyo tu. Shida yangu ni makasi. Nilinunua moja kwa hadiwea fulani huku tao, pakiti imeandikwa waranti ya maisha kwa herufi kubwa kabisa na bei haikuwa ya mchezo, hata masika haijaisha springi ikaruka ikapotelea kwa nyasi, nikatafuta ingine ya kubahatisha nikaweka, halafu bleidi nayo ikaanza kucheza, ukikata kitawi kibichi inakitafuna tu inaacha ganda linaning'inia, na pale katikati ni riveti, ile pini ya kugongwa isiyofunguka, so huwezi kukaza. Nikairudisha. Jamaa wa kaunta ananiambia ati waranti ni ya kampuni si ya duka, kampuni iko ng'ambo, niwaandikie imeli. Kisha akanionyesha kile kibao cha ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa nauliza, kuna mtu hapa ameshawahi kulipwa waranti ya makasi Kenya hii? Ama ninunue tu zile za bei ya chini niwe natupa zikiisha? Na mjue fensi zangu nyingi ni kayaba, ule mti wa miiba wa fensi, na bogenvilia, si maua ya kubembeleza.

Mzee wa Waridi

Pole sana kijana. Mimi nimefanya mashamba ya maua Naivasha miaka mingi na nikuambie ukweli, kule hakuna mtu huwa anaulizia waranti. Wanauliza spea. Stoo iko na sanduku la springi na bleidi, mkataji akija analalamika makasi ni nzito mkononi, inafunguliwa hapo hapo na spana, kipande kilichochoka kinatoka, kingine kinaingia, anarudi kwa mistari yake. Mtu anakata maua kutwa nzima, wewe umngojee ng'ambo wajibu imeli?

Ile watu wengi huitaja ni Felco ya Uswisi. Kampuni ilianzishwa 1945 na Félix Flisch, na modeli yao ya Felco 2 ilitoka 1948 na mpaka leo inauzwa, sababu hakuna kitu kwa hiyo makasi hakifunguki. Bleidi, springi, bolti, ile sehemu ya chini inayoshika tawi, hata raba ya kuzuia mkono usigongwe, vyote vinauzwa kimoja kimoja. Inakata tawi hadi unene wa milimita 25, ukizidisha hapo shika msumeno. Kuna 6 ya mkono mdogo na kuna 9 ya wa mashoto, hii ya mashoto watu hawaijui na ndiyo maana unaona mtu anakata amepinda shingo.

Kuhusu waranti yao, ndio ni ya maisha, lakini soma vizuri. Inashika kasoro ya kiwandani, yaani chuma kilitoka na ufa ama mpini umevunjika ukiwa unafanya kazi ya kawaida. Makali kuisha, springi kulegea, huko ni kuchakaa na ni juu yako. Karibu kampuni zote ziko hivyo. "Maisha" si ya bleidi.

Nyanya za Kasarani

Wazee mnamwambia kijana anunue makasi ya bei ya mbuzi 😂 haya, anunue. Aiweke kwa ukuta wa mteja aende kunywa chai, akirudi aikute? Mimi natumia zile za bei ya chini za Kirinyaga Road, ikilegea naigongea riveti na nyundo, ikikataa naitupa. Na pia tuseme ukweli kidogo, wengi wetu hapa tunakata waya na hizo makasi, tunafungua magunia ya mbolea, halafu tunaenda kupigia mtu wa duka kelele. Kayaba haitaki makasi ya mkono mmoja. Inataka ile ya mipini mirefu ya mikono miwili, na zile shina za zamani ni panga ama msumeno.

Kijana wa Fensi, Ruaka

@Nyanya waya sijakata mimi. Hiyo ya kuibiwa nakubali, ndio maana sasa natembea na yangu kwa mfuko wa mshipi.

Fundi wa Kunoa

Nimeona hii nikasema niseme kitu maana hizi makasi huletwa kwangu Kamukunji kila siku na nusu ya zile watu wanaita mbovu si mbovu, zilinolewa vibaya. Makasi za kupogoa ziko aina mbili. Kuna ile bleidi inapita kando ya mwenzake, na kuna ile bleidi inashuka inagonga kibao bapa. Ya kupita ndiyo ya matawi mabichi, ya kugonga wachia matawi makavu maana kwa bichi inaponda. Sasa hiyo ya kupita bleidi imenolewa upande mmoja peke yake. Upande wa ndani, ule unaosuguana na mwenzake, ni bapa na unatakiwa ubaki bapa. Mtu akipeleka kwa yule jamaa wa baiskeli anayenoa visu mtaani, si kwa ubaya, yeye amezoea visu vya jikoni, ananoa pande zote mbili. Hapo umepata nafasi katikati na ndiyo hiyo kutafuna unasema. Bleidi mpya ndiyo dawa, na kama ni riveti hakuna bleidi mpya.

Na grainda. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu pale kwa makali, kimechomeka, ule ugumu umetoka, utanoa leo na kesho unanoa tena. Tumia tupa laini ama jiwe, fuata ule mteremko wa kiwandani usijitungie wako, upande wa bapa pitisha jiwe likiwa limelala kabisa mara moja ama mbili kutoa zile chembe, basi. Nimemaliza sukuli ya leo 😅

Lakini hiyo yako ya bleidi kucheza hata kabla haijanolewa, hapo sikulaumu. Hiyo ni riveti mbovu.

Dada Sheria

Naomba niingilie hapo kwa kibao cha ukutani. Hicho kibao hakina nguvu hivyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, iko tangu enzi za mkoloni, na inasema mtu anayeuza vitu vya aina hiyo kama biashara yake anachukuliwa ameahidi ni vya ubora unaokubalika sokoni. Baadaye ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikakazia hapo hapo, na Katiba yenyewe kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Kuna waranti mbili hapa na watu huzichanganya. Ile ya pakiti ni zawadi ya kampuni, wanaweka masharti yao. Ile ya sheria inamfunga aliyekuuzia, na hawezi kukurusha kwa kampuni ng'ambo kwa sababu pesa ulimpa yeye.

Kwa hivyo kaka, rudi, usiende na hasira. Beba risiti, na kama risiti ilipotea ile meseji ya M-Pesa inaonyesha tarehe na till. Beba makasi vile iko, usiinoe wala kuigonga nyundo kwanza (Nyanya za Kasarani nakuangalia). Ongea na meneja, si kijana wa kaunta. Akikataa muandikie barua fupi, utaje hizo sheria mbili, umpe muda. Mahakama ya Madai Madogo ipo, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili, lakini kwa makasi moja siwezi kukutuma huko, nauli na siku za kazi utakazopoteza zitapita bei yake. Barua mara nyingi inatosha. Ila ujue hata sheria haikulindi na kuchakaa kwa kawaida, na ile springi ya kubahatisha uliyoweka wataishika hiyo, so anza na riveti.

Nyanya za Kasarani

Nyundo nimeweka chini madam 🙏

Mama Saipresi, Rongai

Mimi naongeza tu mambo ya kutunza sababu hakuna amesema. Fensi ya saipresi inaacha utomvu kama gundi, ukikauka makasi inakuwa nzito unadhani imeisha makali. Kitambaa na mafuta ya taa kidogo, halafu stilwaya ya sufuria, halafu tone la mafuta ya cherehani pale kwa bolti. Na wale wa kuogopa magonjwa ya mawaridi, mnachovya makasi kwa Jik kutoka mti hadi mti, Jik inakula chuma jamani, asubuhi unakuta kutu. Tumia spiriti ya dukani, ipanguse, imalize. Kama kuna mnyaa kwa hiyo fensi funika macho, ule maziwa yake si mchezo, na osha makasi siku hiyo hiyo.

Kijana wa Fensi, Ruaka

Asanteni sana wote. Leo nimepita pale, meneja amechukua namba na risiti akasema atanipigia, tutaona. Swali moja tu @Mzee wa Waridi, nimeona moja ya mipini myekundu kama ya Felco inauzwa kwa bei nusu, wanasema ni ile ile ya Uswisi. Nitajuaje?

Mzee wa Waridi

Wekundu usikudanganye kijana, kila mtu anaweza kununua rangi. Muulize kitu kimoja tu, niuzie springi na bleidi yake. Kama muuzaji anauza makasi na hana hata springi moja ya hiyo makasi, wala hajui itatoka wapi, mimi siwezi kununua, hata iwe ya kweli, sababu siku ikichoka utakuwa pale pale. Tafuta wale wanaouzia mashamba ya maua vifaa, si hadiwea ya kawaida, na ununue springi ya akiba siku hiyo hiyo. Pia angalia bolti ya katikati. Kwa ile ya kweli kuna nati unakaza na kile kigurudumu kidogo chenye meno kando yake cha kuizuia isilegee. Na kama bei inakushinda usikope. Chukua yoyote yenye bolti na nati badala ya riveti, hata kama jina hulijui, Fundi hapo juu atakunolea.

Fundi wa Kunoa

Ilete. Lakini Jumamosi usije, kuna foleni ya mapanga.