Landrova ya Mzee: tuifufue au iende kwa kilo?

Kikundi: UKOO WA MZEE MHANDO (MUHEZA)

Shangazi Mwanaidi: Asalaam alaykum wote. Yule kijana wa vyuma chakavu karudi tena leo asubuhi, anaitaka Landrova ya Mzee, anatoa laki tisa na gari ya kubebea anakuja nayo mwenyewe mi sitoi hata mia ya vibarua. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mi naona tumpe

Mudi: Waalaykum salaam shangazi shikamoo. Laki tisa??? Landrova ya babu laki tisa. Usimpe shangazi nakuomba

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. We Mudi uko Dar hulioni. Kuku wanatagia mle, juzi kwenye siti ya nyuma kimetoka kinyoka, na sakafu ya dereva imetoboka mpaka mpapai umeota chini ukatokea ndani

Fadhili: mpapai ndani ya gari 😂😂😂

Mudi: Jamani hiyo gari ndo imetulea, mama kaenda leba na hiyo gari, babu kabeba samaki Pangani kaleta Muheza masika na kiangazi wakati mabasi yamekwama yeye anapita anawapungia mkono, sasa leo tuiuze kwa kilo kama masufuria? Mi niko tayari kuchanga turudishe kama ilivyokuwa, rangi ileile ya kijani, siti mpya, kila kitu. Mwaka 2024 mliona lile tamasha la Landrova Arusha watu walivyojaa? Hizi gari sa hivi ni dili

Zuhura: Kabla hatujaanza kulia naomba kuuliza vitu viwili. Hiyo kila kitu ni shilingi ngapi. Na ikishapona anaiendesha nani, maana Mudi ana Vitz na haitoki Dar

Mudi: Zuhura na we kila kitu hesabu

Zuhura: Ndo kazi yangu

Fadhili: dereva nipo 🙋

Zuhura: Wewe leseni?

Fadhili: 🏃

Baba Mdogo Hassani: Waalaykum salaam. Nimesoma yote. Msibishane kwa macho, Landrova inadanganya. Bodi yake ni aluminiamu, Waingereza walipoanza kuiunda 1948 vita imetoka kuisha chuma kilikuwa cha mgao, ndo maana ukiiangalia kwa mbali unaona bado nzima kumbe imeshakufa, na nyingine unaiona takataka kumbe inadai kuoshwa tu. Kinachooza ni vitu viwili, chesisi ambayo ni chuma, na ule ukuta wa chuma wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva, wenye nguzo zinazoshika bawaba za milango. Rangi, siti, taa, hizo ni mbwembwe sitaki kuzisikia sasa hivi. Juma uko Tanga mjini, Jumamosi panda mpaka Muheza na nyundo ndogo na bisibisi nzito nikwambie pa kugonga

Juma: Shikamoo baba mdogo. Sawa naenda

Baba Mdogo Hassani: Marahaba. Lala chini kabisa usiogope kuchafuka. Chesisi ile ni boksi, mabati ya kama milimita mbili yamechomelewa pande nne, tope na maji vikiingia ndani havitoki inaoza kutokea ndani kuja nje, kwahiyo nje unaweza kukuta rangi nzuri kabisa. We gonga kuanzia mbele kuja nyuma. Pakilia kama chuma pazima. Pakilia pwaa kama unagonga kadibodi, chomeka bisibisi. Ikizama usiumie roho piga picha endelea mbele

Baba Mdogo Hassani: Angalia sana ile boriti ya nyuma ya kufungia tela, na mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi zinapofungiwa. Mzee alikuwa anabeba samaki, maji ya chumvi yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye karai yanatiririkia nyuma miaka na miaka, nina wasiwasi na nyuma kuliko mbele

Shangazi Mwanaidi: Hata ile harufu bado ipo

Baba Mdogo Hassani: Na kwenye bodi ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma ujue hapo chumvi imeshakula, lakini hiyo haiuwi gari

Mama Mkubwa Rehema: 🎤 Sauti 1:12

Zuhura: Kwa walio kazini, mama mkubwa anasema tusigombane kwa ajili ya chuma, na mkishakubaliana mumwambie maana gari ile ndani ana pipa lake la alizeti alimwachia Mzee

Fadhili: nyoka, kuku, mpapai, pipa. mi naona ni ghorofa

*

Juma: Asalaam alaykum. Nimetoka chini ya gari sasa hivi, shangazi kanipa maji ya kuoga. Picha zinakuja mtandao huku mzito

Juma: 📷 📷 📷 📷 📷 📷

Juma: Kwanza baba mdogo grili ni ya plastiki na mita ziko mbele ya dereva sio katikati

Baba Mdogo Hassani: Basi ni Series III, yani toleo la tatu, la kuanzia 1971. Endelea

Juma: Mbele kuanzia bampa hadi chini ya injini panalia vizuri kila upande, nahisi ni ile oili iliyokuwa inavuja imepalinda. Chini ya siti mkono mmoja wa pembeni umekatika kabisa bodi imekaa hewani. Kuanzia pale propela ya nyuma inapopita bisibisi inazama, upande wa kulia imezama mpaka mpini. Boriti ya nyuma hakuna, yani ipo kwa jina, nimeshika kipande kimebaki mkononi. Na kuna viraka vya zamani, mtu kachomelea bati juu ya bati, chini ya kiraka kumeoza na kiraka chenyewe kimeoza

Baba Mdogo Hassani: Hizo viraka namjua aliyezichoma Mungu amrehemu. Ukuta wa mbele?

Juma: Sehemu ya kuweka miguu imetoboka pande zote, ndo mpapai ulipopitia. Ila nguzo za mlango nimegonga nimechomeka zimegoma. Nimeunyanyua mlango juu chini haichezi

Baba Mdogo Hassani: Alhamdulillah. Hiyo ndo habari nzuri ya leo. Pa kuweka miguu unakata unaweka bati jipya hata hapo Muheza wanafanya. Nguzo zingekuwa zimekufa na chesisi imekufa ningemwambia dada mwite kijana wa chuma chakavu aje na laki tisa zake. Vyote viwili vikienda pamoja usiguse, unajenga gari upya na kwa pesa hiyo unanunua iliyo nzima inatembea

Mudi: Kwahiyo inapona!! Nilisema

Baba Mdogo Hassani: Sijasema inapona. Juma injini

Juma: Plagi zimegoma kutoka moja imetoka. Hendeli ya kuzungushia injini nimeingiza haizunguki hata kidogo. Oili ya kwenye stiki nyeusi ila haina maji

Baba Mdogo Hassani: Usilazimishe. Nyunyizia hizo zilizobaki mafuta leo, kesho jaribu tena taratibu, zikitoka zote mimina oili laini uliyochanganya na dizeli kidogo kwenye kila tundu iache ilale hata wiki. Ukilazimisha unavunja ringi

Zuhura: Baba mdogo naomba bei sasa. Tukirudisha chesisi ni kuchomelea au?

Baba Mdogo Hassani: Kuchomelea kwa pale palipofikia ni kumdanganya mtu, ukichoma bati jipya kwenye bati bovu moto unakula pembeni unafukuza tundu mpaka mbele, na ile ndo inayobeba springi na breki, sio pambo. Uingereza wanauza chesisi mpya kabisa za kuzamishwa kwenye zinki haziozi, lakini bei yake na meli na ushuru sahau. Njia yetu ni hii, huku Arusha zipo Landrova zilizopinduka au injini imeuzwa, unanunua chesisi nzima na kadi yake, unaishusha Muheza, unahamishia ekseli, injini, giaboksi na bodi ya Mzee juu yake. Ni bolti tupu hizi gari, mafundi wawili na winchi ya kunyanyulia

Mudi: Subiri baba mdogo. Sasa hiyo itakuwa gari ya babu kweli au ya mtu mwingine imevaa nguo za babu?

Fadhili: 🔥🔥

Baba Mdogo Hassani: Kisheria gari ni namba ya chesisi. Imegongwa mbele kabisa karibu na springi, na ndo iliyoandikwa kwenye kadi. Kwahiyo karatasi zitakuwa za ile ya Arusha. Na hilo mi naliona ni afadhali, dada hebu soma pleti ya gari hapo

Shangazi Mwanaidi: TZ alafu tarakimu

Baba Mdogo Hassani: Mnaona. Hata namba mpya za T haikuwahi kubadilishwa. Kadi iko wapi?

Shangazi Mwanaidi: Kadi nilikuwa naiona kwenye sanduku la Mzee ila panya

Zuhura: Panya nini shangazi

Shangazi Mwanaidi: Panya ndo hivyo mwanangu

Baba Mkubwa Athumani: Waalaykum salaam. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi kwa hiyo niseme. Gari lile bado ni la marehemu, ni la warithi wote, haliuzwi kwa kijana wa barabarani wala halibadilishwi jina bila sisi kukubaliana. Deni la leseni ya barabara lisiwatishe, ile ada ilishafutwa 2017. Lakini kulitafutia kadi mpya gari lililosimama miaka yote hii, mwenyewe amefariki, kadi imeliwa, ni safari za TRA na mahakamani. Kwa hilo Hassani yuko sahihi

Mudi: Shikamoo baba mkubwa. Mi bado moyo unasita lakini. Tunaweka chesisi ya mtu, kadi ya mtu, tunasema ya babu

Baba Mdogo Hassani: Mudi mwanangu. Injini iliyomo sio iliyotoka nayo, ile ya kwanza ilikufa Mombo tukaivuta kwa kamba. Giaboksi tulitoa kwenye Landrova ya shamba la katani. Mlango wa kushoto ni wa gari ya misheni, ukikwangua rangi utaikuta nyeupe. Mzee angekuwepo angeshabadili chesisi zamani na angepaka rangi kwa brashi

Mama Mkubwa Rehema: Kwa brashi kweli 😂 na iliyobaki akapaka geti

Mudi: Mlango wa misheni?? Hii mbona hamkuwahi kutuambia

Zuhura: Bei jamani. Bei

Baba Mdogo Hassani: Nimeongea na jamaa leo. Chesisi ya 109, yani ile ndefu ya inchi 109 toka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, yenye kadi safi milioni tatu na nusu. Kuisafirisha mpaka Muheza juu ya fuso laki sita. Breki zote upya kuanzia masta silinda mpaka bomba, hapa sibani, laki saba. Tairi 7.50 nne tuseme 350,000 moja. Injini kama itazunguka weka milioni na laki mbili. Waya laki tatu. Ufundi milioni na nusu. Rangi sijaweka na sitaweka

Zuhura: Hiyo ni milioni tisa na laki mbili. Na kwa kuwa hakuna fundi Tanzania hii aliyewahi kusema bei ikaishia hapo naongeza asilimia ishirini inakuwa kama kumi na moja. Kwa milioni kumi na moja unapata kirikuu, inatembea leo, kadi mkononi, na petroli inakula kidogo. Landrova lita moja inaenda kilomita ngapi baba mdogo sema ukweli

Baba Mdogo Hassani: Tano. Sita ukiwa na subira

Zuhura: Haya

Shangazi Mwanaidi: Mi niseme. Msimu wa machungwa nalipa guta mpaka barabarani alafu nalipa kenta mpaka mjini, na mvua ikinyesha guta haishuki shambani machungwa yanaoza chini ya miti. Kirikuu ya jirani ilizama pale kwenye kijito ikatolewa na ng'ombe. Mzee alikuwa anapita pale huku anavuta sigara. Kama itabeba machungwa mi natoa, kama ni ya kupelekwa tamasha ikapigwe picha basi aje kijana wa chuma

Fadhili: shangazi kageuka 😳

Shangazi Mwanaidi: Sijageuka. Nyie hamkuniuliza

Mudi: Itabeba machungwa shangazi. Tamasha baadaye

Zuhura: Kwa machungwa naelewa. Ila naomba masharti yaandikwe hapa kila mtu aone. Hakuna kununua chesisi kabla injini haijazunguka kwa hendeli. Ikigonga milioni kumi na moja tunasimama hapo ilipo. Na gari iandikwe kwa jina la nani?

Baba Mkubwa Athumani: Iandikwe kwa jina la Mwanaidi, ndiye anayekaa shambani na ndiye atakayeitumia. Nitaandika karatasi kuwa ekseli na bodi ni vya warithi tusije kugombana. Asiye na uwezo asilazimishwe kuchanga, na asichangie pesa ya ada ya watoto. Injini isipozunguka, Hassani atafute mteja wa vipuri huko Arusha, giaboksi na ekseli peke yake vinazidi hiyo laki tisa

Baba Mdogo Hassani: Vinazidi mbali. Hata akipima kwa kilo, aluminiamu bei yake juu kuliko chuma na yeye kaichanganya yote bei moja. Dada mwambie asante

Shangazi Mwanaidi: Nishamwambia. Kanuna

*

Juma: Baba mdogo. Imezunguka. Nimeshika hendeli kwa mikono miwili ikagoma, nikairudisha nyuma kidogo nikaja mbele ikalia krrr ikaachia. Mizunguko miwili kamili na ya tatu nikapumzika

Mudi: ALLAHU AKBAR

Baba Mdogo Hassani: Safi. Usiiwashe, usithubutu. Bado kabureta na tangi vya kusafishwa. Ila kabla sijampa mtu hela pima kitu kimoja, katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, maana zipo fupi za 88 na kuna watu wanauza chesisi zilizokatwa zikaungwa

Juma: Nimepima kwa futi ya shangazi ya kushonea, mita 2 na sentimita 77

Baba Mdogo Hassani: Ndo yenyewe 109. Keshokutwa naenda kuiona na nyundo yangu

Zuhura: Michango naanza kupokea leo nitaandika hapa kila inayoingia. Mudi imeingia milioni moja, baba mkubwa laki tano, shangazi laki tatu. Fadhili?

Fadhili: Ujumbe huu umefutwa

Zuhura: Nimeusoma kabla hujafuta. Elfu kumi ni elfu kumi, tuma