Kilembe hadi Mutinda kwa siku nne: maji, gambuti na mahandaki ya zamani

Mpanda_Polepole

Wakuu, salamu. Tuko watatu, tunapanga kwenda Kilembe, ule mji wa shaba ulio bondeni juu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kisha tupande milima ya Rwenzori mpaka kambi ya Mutinda na kurudi. Tuna siku nne. Kilele cha Margherita hatukitaki, barafu tumewaachia wenye vifaa. Wanaoijua njia naomba mnisaidie:

1. Maji ya Mto Nyamwamba, unaopita Kilembe, yananyweka yakichemshwa?
2. Kila mtu anataja gambuti. Buti nzuri za ngozi hazitoshi?
3. Mwenzetu mmoja anataka kuingia kwenye mahandaki ya mgodi. Inawezekana?
4. Twende mwezi gani?

Jiwe_Kijani

Naanza na maji, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea.

Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mawe yalisagwa hapohapo bondeni. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakaachwa malundo malundo kando ya mto. Ndani ya marudio hayo kuna pairiti, yale madini ya njano yanayong'aa ambayo mgeni huyadhani dhahabu. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli iliyobaki mle. Ukiona kijito kimeacha utando wa rangi ya chungwa juu ya mawe, fuata kwa macho kinakotoka: mara nyingi ni lundo la marudio au mdomo wa handaki.

Kuchemsha kunaua vijidudu, metali haiguswi. Tena sufuria ikipungua nusu, metali yote iko palepale kwenye maji yaliyobaki. Vidonge vya klorini navyo havifanyi kitu, na vichujio vya mkononi vya nyuzi vinazuia bakteria na tope tu, si kitu kilichokwisha kuyeyuka. Kwa hiyo maji ya Nyamwamba ndani ya mji yaacheni, hata ya kusukutua. Kila mtu ajaze lita 3 Kasese. Mkishapita geti la hifadhi ya Rwenzori mnateka vijito vinavyotoka msituni, ambavyo havijapita kwenye lundo lolote. Hapo tatizo ni vijidudu, na dawa yake inajulikana.

Kasese kwenyewe kulikuwa na lundo jingine, makinikia (unga wa madini uliotenganishwa na mawe) ya pairiti yenye kobalti, zaidi ya tani milioni moja. Kuanzia 1999 kiwanda kiliyatibu kwa bakteria wanaokula pairiti ili kuikomboa kobalti. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo mvua ilikuwa ikisukuma asidi kutoka kwenye lundo hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ikaacha ukanda mtupu usioota hata nyasi. Nawatajia ili mjue asidi hii haina utani.

Mahandaki: mwambieni mwenzenu asahau, isipokuwa awe na ruhusa ya wenye mgodi na aongozwe na mtu wao mwenye kipima hewa. Paa kubomoka ndicho kitu ambacho kila mtu anakiogopa, kumbe hewa ndiyo inayoua kimyakimya. Pairiti inapoendelea kuoza hula oksijeni, na handaki lisilo na feni halina pa kuirudishia. Tochi ya betri itaendelea kuwaka vizuri huku mwenye tochi miguu inalegea. Ongeza nguzo za mbao zilizooza na mashimo ya wima yaliyojaa maji, ambayo kwa mwanga hafifu yanaonekana kama sakafu. Yatazameni nje, majengo ya zamani na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu bondeni. Inatosha.

Gambuti_Namba8

Jiwe_Kijani kamaliza la maji ya chini. Mimi naongezea ya juu, halafu buti.

Maji ya Rwenzori ukishafika kwenye vinamasi yana rangi ya chai ya rangi. Ni majani na mizizi iliyooza, haina sumu, ila inakula klorini. Kidonge kinachotosha lita moja ya maji meupe kinaisha nguvu kabla hakijaua kitu. Chujeni kwanza kwa kitambaa au kichujio, ndipo muweke kidonge, na msubiri mara mbili ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mkichemsha, acheni yatokote dakika 3, kwa sababu juu ya mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kichujio cha nyuzi usiku mtu alale nacho ndani ya begi la kulalia. Kikiganda mara moja nyuzi hupasuka, na kwa nje huwezi kujua.

Sasa buti. Za ngozi zinatosha mpaka kambi ya Sine, labda na kambi ya Kalalama siku ya jua. Baada ya hapo tope linafika kwenye vigimbi vya miguu, pengine gotini. Buti ya ngozi ikilowa asubuhi haikauki siku nne zote, kwa sababu hewa yenyewe imelowa, na ngozi laini ya kisigino inamenyeka siku ya pili. Gambuti hufuliwa kwa kumwaga maji tu. Chukueni namba moja juu ya ya kawaida, mweke soli nene ya ndani, na soksi mbili: nyembamba ya nailoni ndani, nene ya sufi nje. Mguu ukicheza ndani, malengelenge yanakuja upesi, kwa hiyo zijaribuni kwenye mteremko kabla ya safari. Kateni kucha za miguu, maana siku ya kushuka vidole vinagonga mbele kutwa.

Kwenye kinamasi mtakuta vishungi vya nyasi vimesimama kama vigoda. Kanyaga katikati ya kishungi, si pembeni, na usisimame juu yake kushangaa, hama. Kati ya kishungi na kishungi ndiko kuna shimo. Kwenye msitu wa erika, vichaka vya milimani vinavyokua kama miti, mambo yanageuka: mizizi imevaa kuvu mwani na inateleza kama sabuni, hivyo mguu uwekwe kati ya mizizi. Ngazi na madaraja ya mbao ni hatari kuliko tope lenyewe. Hatua fupi, unyayo mzima, fimbo mbili mkononi.

Ratiba yangu: siku ya 1 kutoka Kyanjuki, kijiji cha Kilembe mnakoanzia kupanda (kama mita 1,450), hadi Sine (kama 2,600). Siku ya 2 pandeni mianzini hadi Kalalama, kama mita 3,130, mlale. Ni siku fupi, msiidharau. Siku ya 3 ondokeni saa 1 asubuhi mwende kambi ya Mutinda, karibu mita 3,600. Siku ya 4 kushuka hadi Kilembe. Wengi huruka kutoka Sine hadi Mutinda siku moja, ndipo kichwa kinawapasuka usiku. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Bonde_la_Nyamwamba

Naafiki yote isipokuwa siku ya 4. Kushuka mita 2,000 na ushei kwa siku moja, kwenye tope, na magoti ya watu wa mjini? Ongezeni siku ya tano, mlale Sine mkirudi. Faida nyingine ni kwamba siku ya 4 alfajiri mtapata kupanda kilele cha Mutinda chenyewe, karibu mita 3,975, kabla mawingu hayajafunga. Mwisho wake ni mwamba wenye kuvu mwani. Ikinyesha au mkisikia radi, geukeni.

Miezi: Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti. Hii maana yake mvua kupungua, si kukoma. Huu si mlima wa volkano kama Kilimanjaro. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa na Bonde la Ufa, lina mabonde yenye kuta, na mawingu ya Kongo yanatua juu yake mwaka mzima.

Na mto. Yale majabali makubwa kama gari mtakayoyaona katikati ya mji yaliletwa na maji. Mwaka 2012 moto uliteketeza msitu wa erika kwenye vyanzo vya Nyamwamba, na udongo ukabaki bila kitu cha kunyonya mvua. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa iliporomosha kingo na mawe ya zamani, mto ukashuka nayo yote ukabomoa nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe ikaguswa. Mei 2020 ukarudia. Kila mafuriko hung'oa marudio aliyoyasema Jiwe_Kijani na kuyatandaza mashambani chini. Kwa hiyo msiegeshe gari wala kulala kando ya mto, na kabla ya kutoka Kasese ulizeni bodaboda barabara ya Kyanjuki ikoje, ni kama kilomita 12. Maji yakibadilika rangi ghafla, au mkisikia mngurumo wa mawe yakigongana chini ya maji, pandeni kilimani kwanza, mizigo baadaye.

Mpanda_Polepole

Nimewaelewa, siku tano basi. La mwisho: mizigo na baridi. Na ile mimea mikubwa tutaikuta Mutinda au ni kwa wanaokwenda juu zaidi?

Gambuti_Namba8

Mutinda mtaikuta. Senesio ni ile yenye shina nene lililofunikwa majani makavu. Msiyang'oe kuwashia moto, ndiyo blanketi lake, shina likiachwa wazi maji ya ndani yanaganda. Lobelia nayo hukunja majani usiku kufunika chipukizi. Katazameni kabla jua halijafika bondeni, mtaona maji yaliyomo kati ya majani yamefanya ngozi ya barafu juu.

Usiku Mutinda hukaribia sifuri. Begi la kulalia liwe la nyuzi 5 chini ya sifuri, nguo za sufi au flisi, pamba iacheni nyumbani maana ikilowa haikauki. Ndani ya begi la mgongoni wekeni mifuko miwili mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine: nguo za kulalia na begi la kulalia humo, mdomo usokotwe na kukunjwa, usifungwe fundo. Fundo halifunguki vidole vikifa ganzi. Nguo za kulalia hazitembelewi hata mara moja. Asubuhi unavaa tena zile mbichi, unalia dakika kumi, unazoea.

Bonde_la_Nyamwamba

Na kiongozi ni lazima, hifadhi hairuhusu kupanda peke yenu. Bebeni pasipoti, maana raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao cha kiingilio, na cheti cha homa ya manjano kwa ajili ya mpakani.