Chaja ya kuzungusha ya Bibi

Kikundi: UKOO WA KUSINI

Salma (Muscat): Assalamu alaykum nyote. Bibi simpati tokea juzi, kila nikipiga naambiwa simu imezimwa. Kuna kheri huko Makunduchi?

Mwanahawa: Waalaykum salaam dada Salma. Kheri, alhamdulillah. Mvua na upepo umeangusha nguzo, umeme hatuna mtaa mzima. Simu ya Bibi imekwisha chaji. Yangu imebaki asilimia 14, nikichelewa kujibu mnisamehe.

Salma (Muscat): Alhamdulillah, roho imetulia. Basi nisikilizeni. Leo nimepita sokoni Mutrah nimeona chaja ya kuzungusha kwa mkono, ina mpini kama wa cherehani. Muuzaji anasema dakika kumi simu imejaa. Jumamosi kuna mtu anakuja huko, nimpe amletee Bibi?

Ami Haji: Salma mwanangu, usitoe pesa kwanza. Igeuze nyuma unisomee yale maandishi madogo. Nataka wati.

Salma (Muscat): Nimepiga picha Ami. Volti 5, wati 2.

Ami Haji: Haya. Ile simu ya tachi uliyomletea Bibi betri yake ni mAh 5000, ndiyo ujazo wake. Zidisha kwa volti za betri, 3.85, ugawe kwa elfu moja, inakuja kama wati-saa 19. Chaja inatoa wati 2, tena pale mtu anapozungusha kwa nguvu bila kulegeza. 19 ukigawa kwa 2 ni saa tisa na nusu. Na umeme hauingii wote, kama robo hivi unapotea njiani kuwa joto. Hesabu saa kumi na mbili na zaidi za kuzungusha. Bibi ana miaka themanini na zaidi.

Salma (Muscat): Saa kumi na mbili! Na yule mtu kanitazama usoni akanambia dakika kumi.

Ami Haji: Dakika kumi kwenye simu ile ni asilimia moja na chembe. Na kama kioo kinawaka huku mtu anazungusha, hata hiyo moja huioni, kioo kinakula kile kinachoingia. Mkono ukipunguza kasi simu inaacha kuchaji, ukikaza inaanza tena, na kila ikianza kioo kinawaka upya. Ndiyo maana watu wanazinunua wanazitupa.

Juma (Dar): Kwa hiyo Ami ni utapeli mtupu?

Ami Haji: Hapana, sikusema hivyo. Chombo kinafanya kazi, ila kinapewa simu isiyo ya nguvu yake. Mwanahawa, kile kitochi cha zamani cha Bibi kipo?

Mwanahawa: Kipo kabatini, kizima. Bibi alikataa kitupwe.

Ami Haji: Mungu ambariki. Betri ya kitochi kile ni mAh 1000, wati-saa 4 hazifiki. Sasa chukua dakika kumi zilezile za kuzungusha, ziingize kwenye kitochi: unapata mazungumzo ya kama nusu saa, mnara ukiwa karibu. Mkono uleule, jasho lilelile. Kwenye simu ya tachi huoni kitu, kwenye kitochi Bibi anaongea na watoto wake wote na salio linabaki.

Juma (Dar): Ami hesabu yako inalingana na kitu nilichosoma. Nokia walitoa chaja ya baskeli mwaka 2010, waliitangaza Nairobi. Walisema ukiendesha dakika 10 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa unapata dakika 28 za kuongea. Na simu zenyewe zilikuwa hivi vitochi.

Ami Haji: Umeona. Nusu saa hiyohiyo.

Shangazi Zuhura: Assalamu alaykum. Nimewasoma wote. Mie najiuliza, zamani betri za redio zikiisha tulizianika juani, jioni taarifa ya habari tunaisikia. Hizi za simu haziwezi kuanikwa? Maana leo jua limetoka kidogo.

Ami Haji: Dada Zuhura, nakuomba mtu asithubutu! Na vijana wote humu wasome hapa. Betri za redio ni za zinki na kaboni, zikipata joto zile dawa za ndani zinaamka kidogo, zinamalizia kilichobaki. Hazijazi umeme mpya. Betri ya simu ni ya lithiamu, joto haliiongezei kitu, linaiharibu, na ikivimba inaweza kushika moto. Wala msiing'ate kama tulivyokuwa tukizing'ata zile.

Shangazi Zuhura: Nimefahamu ndugu yangu. Basi nimwambie jirani, maana namuona kaiweka simu yake kwenye bati.

Ami Haji: Mwambie sasa hivi, usingoje.

Mwanahawa: Asilimia 11 jamani. Na sikufanya kitu, nawasoma tu.

Ami Haji: Mtandao una vijiti vingapi hapo?

Mwanahawa: Kimoja, mara hakuna.

Ami Haji: Hiyo ndiyo inayokumaliza. Simu ikiwa haiuoni mnara vizuri inaongeza nguvu kuutafuta, betri inateketea nawe hugusi kitu. Na minara nayo umeme ukikatika inaishi kwa betri na jenereta zake. Weka hali ya ndege. Ifungue kila saa kamili kwa dakika tano, soma, jibu, funga. Punguza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Kama kuna neno la dharura tuma ujumbe mfupi wa kawaida, usipige.

Mwanahawa: Sawa Ami. Nafunga, tutaonana saa kumi.

Shangazi Zuhura: Yananikumbusha ile miezi mitatu. Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima kiza, waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba umeharibika. Na mwaka 2008 tulishakaa kama mwezi hivyohivyo. Nyie watoto wengine mlikuwa wadogo hamjui. Pampu hazivuti, maji tunachota visimani. Simu tunazipeleka dukani kwa mwenye jenereta, zimerundikwa juu ya meza, kila moja ina karatasi ya jina imefungwa kwa mpira. Unalipa, unarudi jioni, mara nyingine unaikuta haikujaa kwa kuwa mafuta yamemwishia. Nilikuwa na mgonjwa wakati ule, na usiku simu ikizima nilikuwa silali. Kwa hiyo Haji, hata kama ni dakika tano za kuongea, mie naitaka chaja hiyo ndani ya nyumba ya mama. Dakika tano usiku wa manane ni gari ya kwenda hospitali.

Ami Haji: Hapo umesema neno, na ndipo nilipotaka tufike. Tusimnunulie Bibi chaja kwa kufikiri itakuwa badala ya umeme. Tumnunulie kwa simu moja ya usiku. Kwa kazi hiyo wati 2 zinatosha, na jua likitua yeye anazo bado.

Salma (Muscat): Basi ninunue?

Ami Haji: Ile yenye betri yake ndogo ndani, si ile tupu. Yenye betri unazungusha taratibu, umeme unakaa mle, halafu unauhamishia kwenye simu bila kukatikakatika. Mwambie muuzaji akufungulie, uzungushe mwenyewe kwanza. Mpini ukiwa mwembamba wa plastiki mwachie. Meno ya ndani yakiwa ya plastiki yanaliwa, nimeyaona mengi mezani kwangu Darajani.

Ami Haji: Nilitengeneza sana zile redio za kukaza springi, zilizokuwa zikiundwa Cape Town miaka ya 1990. Aliyezibuni ni Mwingereza Trevor Baylis, alipata wazo baada ya kutazama kipindi cha ukimwi Afrika, kwamba watu hawapati habari kwa kukosa umeme na pesa za betri. Springi yake nzito ya chuma, ukiikaza inakusomea karibu nusu saa. Iliwezekana kwa sababu redio inakula umeme kidogo sana. Simu ya tachi ni mlaji mwingine kabisa.

Juma (Dar): Ami na baskeli je? Ile ya marehemu Babu ipo bandani na dainamo yake. 2009 kuna wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza chaja ya dainamo kwa vipuri vya vyombo vibovu. Na yule kijana wa Malawi, William Kamkwamba, dainamo ya baskeli aliifunga kwenye kinu cha upepo alichokiunda mwenyewe, watu wakaja kuchaji simu kwao. Mguu si una nguvu kuliko mkono?

Ami Haji: Una nguvu zaidi, na hauchoki upesi. Mkono kwenye mpini mdogo dakika kumi bega linalia. Mguu unaweza kwenda saa nzima, na kama ulikuwa unakwenda shamba hata hivyo, chaji hiyo ni ya bure. Dainamo ya Babu ni volti 6 wati 3. Ila nisikilize vizuri: USICHOMEKE waya wa dainamo kwenye simu. Umeme wake ni wa kwenda na kurudi, simu inataka wa njia moja. Na ukiteremka kilima gurudumu likikimbia, volti zinapanda kupita 6 kwa mbali, unaiunguza simu.

Juma (Dar): Nifanyeje?

Ami Haji: Daiodi nne kuunyoosha, kapasita ya kutuliza, halafu kile kibao kidogo cha kupandisha na kushusha volti, ukifunge kwenye 5. Yote yako dukani Kariakoo, si ghali. Usinunue daiodi za kawaida, omba zile za schottky, zinakula volti kidogo, na kwenye dainamo kila volti ina thamani. Njoo navyo, tuviunge pamoja kwangu. Na iingie kwenye pawabanki kwanza, simu baadaye.

Juma (Dar): Nakuja Ijumaa na boti ya jioni inshallah.

Mwanahawa: Nimerudi. Asilimia 10, hali ya ndege imenisaidia. Nimesoma yote. Ila jamani mnazungumza Ijumaa na Jumamosi, Bibi anataka kumsikia Salma leo.

Ami Haji: Kweli, tumekwenda mbali. Mtoto wa jirani yenu mwenye pikipiki bado yupo?

Mwanahawa: Yupo, na pikipiki yake ina kichwa cha chaja kwenye usukani.

Ami Haji: Basi tusihangaike. Akitoka kwenye mizunguko yake apite. Toeni laini ya Bibi mtie kwenye kitochi, mpeni akichaji akiwa safarini na injini inawaka, si ikiwa imezimwa, betri ya pikipiki ni ndogo, asije akashindwa kuiwasha.

Mwanahawa: Laini ya Bibi ni ile ndogo kabisa, kwenye kitochi itaanguka.

Ami Haji: Inataka ile fremu yake ya plastiki. Muulizeni mwenye duka la vocha, huwa nazo.

Salma (Muscat): Na namba? Mimi nilimhifadhia zote kwenye simu, si kwenye laini. Akiwasha kitochi hatamuona mtu yeyote.

Shangazi Zuhura: Mwanahawa, chukua daftari ziandike kabla simu yako haijazima. Salma, Haji, mie, daktari wa kituo cha afya, na huyo kijana wa pikipiki. Andika kubwa, Bibi macho yake yanamsumbua. Bandika ukutani upande wa kitanda.

Mwanahawa: Naandika. Ami namba yako ni ile ya 0777 au nyingine?

Ami Haji: Hiyohiyo. Na ongeza ya Juma.

Salma (Muscat): Mie nimerudi dukani. Iko moja yenye betri ndani, mpini wa chuma. Muuzaji kaifungua, nazungusha sasa hivi, taa imewaka.

Ami Haji: Zungusha dakika tano kamili, halafu nambie bega linasemaje. Kisha nitakwambia ununue au uiache.