Mrejesho: Ndere tulilala, kurudi ndiko kulikuwa na maneno

Wadau, niliuliza kama mtumbwi wa makafi unafaa kwenda kupiga kambi kisiwa cha Ndere, Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mlionishauri niondoke alfajiri, asanteni. Ziwa lilitulia kama uji uliopoa. Hema tuliliweka mbali na ufuo, maana ndiko njia ya viboko. Hata hivyo usiku kiboko mmoja alikuja. Ukisikia nyasi zinang'olewa, kra, kra, kisha pumzi nzito, hata mkojo unarudi wenyewe. Asubuhi swala pala walitutazama kama wageni wasioalikwa.

Kurudi tukajifanya wajuaji, tukatoka saa nane mchana. Upepo! Shemeji alikomba maji mtumbwini kwa sufuria ya ugali hadi nchi kavu. Jaketi za kujiokoa tulivaa, msiulize.