Naomba ushauri: shafti ya mbele imegoma kutoka gia boksi

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A, otomatiki. Nikikata kona hadi usukani uishe, gurudumu la kushoto linalia ka-ka-ka. Buti (mpira unaofunika na kutunza grisi) la jointi ya nje, ile ya upande wa gurudumu, limechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu, kwa hiyo nabadilisha shafti nzima (chuma kinachopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi gurudumu) mwenyewe hapa nyumbani.

Gari iko juu ya stendi (matofali sithubutu). Nati ya 30 imetoka, boli jointi nimeiachia kwenye mkono wa chini, na shafti imechomoka vizuri kwenye habu. Shida ni upande wa gia boksi. Oili nimeshamwaga, nimepenyeza mtaimbo mdogo kati ya jointi ya ndani na gia boksi nikasukuma, haisogei hata kidogo. Kuvuta kwa kushika shafti naogopa: jointi ya ndani itaachana, kikombe chake kibaki kimekwama kule kule kwenye gia boksi. Na sili ya oili ikichanika, kazi inakuwa mbili.

Mliowahi kuitoa, ile klipu ya mwisho inayoshikilia shafti ndani ya gia boksi mnaiachiaje bila kuumiza sili? Halafu nichukue shafti ya mtumba orijino au mpya ya dukani? Yangu ina ringi ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) na meno hutofautiana, hivyo nitaibeba nikalinganishe. Mke wangu anaendesha gari hii kwenda kazini kila siku, nataka kitu cha kudumu.

Natanguliza shukrani.